Gari Linalojiona Tupu

Kila siku, kabla chai haijachemka, Rinai alikuwa na kazi nne za kufanya kwenye gari la baba yake, na hakupenda mtu amsemeshe mpaka amalize. Alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Alifungua kifuniko cha rejeta akatia kidole kuona maji yamefika wapi. Alilegeza nati ndogo chini ya kichujio cha dizeli, akakinga kwa kopo la maziwa yale maji yaliyojitenga na mafuta. Mwisho alizunguka tairi moja baada ya jingine, akiligonga kwa mpini wa panga na kutega sikio. Tairi lililoshiba upepo hujibu mara moja. Lenye njaa hunung'unika.

Jumanne ile alikuwa amefika tairi la tatu aliposikia mtu anakuja mbio kutoka upande wa jikoni. Alikuwa Murang, baba yake, pekupeku, matope mpaka magotini. Rinai hakuwahi kumwona baba yake akikimbia, hata ile siku nyati wa kulimia wa jirani walipovunja uzio wakaingia kwenye mpunga uliokomaa.

"Funga boneti," Murang alisema. "Dada yako anatoka damu."

Mpini wa panga ukamwanguka Rinai.

"Kafit wa zahanati anasema ateremshwe hospitali ya Lawas, pwani, sasa hivi. Helikopta haiji, si unaona mawingu yamekalia bati la kanisa? Funga boneti, mwanangu, usinitazame hivyo!"

Supang, dada yake Rinai, alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza. Mumewe alikuwa kazini baharini kwenye visima vya mafuta, naye alikuwa amerudi Buduk Aru kukaa na mama yake mpaka mwisho wa mwezi, kisha ateremke pwani kungoja kujifungua kama wanawake wote wa milimani wafanyavyo. Safari yenyewe ilipangwa iwe Alhamisi, na Rinai alikuwa ameipigia hesabu Alhamisi hiyo.

Macho yake yakaenda kwenye meza ya kazi, chini ya nyumba. Juu ya gazeti kililala kipande cha chuma kilichokatwa vizuri, kingo zake zimesuguliwa kwa tupa, kimetobolewa tundu moja kati ya mawili. Kando yake kulikuwa na fimbo nyembamba ya chuma, ndefu kama mkono wa mtoto. Fimbo ile ilipaswa kuwa chini ya gari.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya kizamani, difu mbili, milango minne, lililozaliwa mwaka mmoja tu baada ya Rinai. Rangi yake ya bluu ilikuwa imebaki pale tu ambapo matope hayafiki. Murang alilipenda kama watu wanavyompenda ng'ombe mzee: kwa kulilalamikia. Rinai aliporudi kutoka chuo cha ufundi na cheti chake cha magari, alikaa miezi miwili mizima akimzungukia baba yake bila kusema neno, mpaka siku moja Murang mwenyewe akasema, "Haya, litengeneze. Lakini kidogo tu. Sitaki gari la maonyesho."

Akalitengeneza kidogo tu. Aliongeza jani moja kwenye springi za nyuma, akabadilisha vyuma vinavyoning'iniza springi hizo akaweka virefu zaidi, ili tumbo la gari lisiburuzwe kwenye mifereji iliyochimbwa na malori ya magogo. Aliweka bomba la kuvutia hewa likapanda mpaka juu ya paa, ili mto ukijaa injini isinywe maji. Akabadilisha pedi na bushi zote. Mgongo wa gari ukainuka vidole vinne. Murang alilizunguka mara mbili, akasema, "Hm," na Rinai aliishi na ile "hm" wiki nzima kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Ila kulikuwa na jambo la vali. Chini ya gari, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, kuna vali ndogo ya breki yenye wenzo, na fimbo inayounganisha wenzo huo na ekseli. Fimbo hiyo wao waliiita mkono. Gari likipakia mzigo, mgongo hushuka, mkono husukuma wenzo juu, na vali huachia mafuta ya breki yaende nyuma kwa nguvu zote. Gari likiwa jepesi, wenzo hushuka, nguvu za nyuma hupunguzwa lisije likateleza. Sasa ukiinua mgongo kwa springi, vali hudanganyika. Gari hujaa mpaka pomoni, nalo hujiona tupu. Ukikanyaga breki, kazi yote huangukia magurudumu ya mbele.

Watu wa Buduk Aru walikuwa na dawa yao. Magari yao yote yaliinuliwa, na yote yalifungwa waya: wenzo unavutwa juu, unakazwa kwenye chesisi, basi. Mjomba Yudan, kaka yake mama, dereva mwenye mdomo mkubwa kuliko honi yake, ndiye aliyemwonyesha Rinai.

"Kata waya shibiri mbili, funga, nenda kanywe chai."

"Waya si sawa, mjomba," Rinai alijibu, kwa sauti ambayo ilibidi mjomba ainame kuisikia. "Gari likiwa tupu kweli, nyuma itakamata mno. Nitatengeneza kipande cha kuinua vali yenyewe. Mkono utafanya kazi yake."

"Alaa! Basi sisi miaka ishirini tumeendesha kwa waya kumbe ni maiti!" Yudan akageukia kibaraza kizima. "Jamani, chuo kimemfundisha binti yetu kuogopa waya!"

Walicheka, na Murang pia alicheka. Rinai aliinama akafungua mkono wa vali, akauweka kwenye gazeti ili apime vizuri, na hapo ukakaa. Gari lilijaribiwa kwenye uwanja wa ndege wa nyasi, mahali ambapo kila gari lililotoka kutengenezwa hujaribiwa, tambarare, likiwa tupu. Breki zilishika kama gundi. Murang akaridhika. Rinai alijua kwa nini zimeshika, na alijua kwamba uwanja ule haukuwa mteremko, lakini Alhamisi ilikuwa bado mbali.

Sasa Alhamisi ilikuwa imekuja Jumanne.

Supang alitolewa akiwa amebebwa kwenye godoro, uso umempauka kama unga wa mchele. Kafit, muuguzi wa zahanati, alitembea kando yake amemshika kiganja. Mama yao, aliyekuwa anakwenda nao, alifuata na khanga tatu, chupa ya maji moto, na wali laini uliofungwa kwenye majani, maana hakuna safari ya Buduk Aru inayoanza bila huo, hata safari ya kilio.

"Ule mchele usishushwe!" Murang alipiga kelele kwa majirani waliokwisha kupanda nyuma ya gari kushusha magunia yaliyopakiwa kwa safari ya Alhamisi. "Magunia manane yote yabaki!"

"Murang, mgonjwa na magunia?"

"Springi ngumu hizi. Gari tupu litamrusha kama mahindi kwenye kikaango. Likiwa na mzigo linatulia. Ongezeni mawili!"

Alisema kweli. Kila mtu aliyewahi kumpeleka mgonjwa kwenye njia ile alijua hivyo. Rinai aliona gunia la tisa likipanda, kisha la kumi, na mgongo wa gari ukashuka taratibu kwa heshima.

"Baba," alisema. "Ule mkono..."

"Mkono gani? Shika hapa, mto wa dada yako unaanguka."

Aliushika mto. Supang alifumbua macho, akamwona, akatabasamu kidogo. "Fundi wetu," alinong'ona.

Uwanja wa nyumba ulikuwa umejaa watu. Murang akapanda nyuma ya usukani, akashusha kioo, na kwa sauti ile ya kuwaonyesha wenzake kwamba ana binti msomi nyumbani, akauliza, "Rinai! Gari limekamilika?"

Watu wote waligeuka. Kuchimba tundu la pili na kufunga kila kitu kungechukua nusu saa. Nani angethubutu kumwomba nusu saa mwanamke anayetoka damu? Tena breki za mbele zilikuwa mpya. Tena baba alikuwa dereva wa miaka ishirini na tano. Tena, tena... Rinai akaitikia kwa kichwa.

"Tumwombe Mungu," akasema shemasi wa kanisa, na watu wakaja wakaweka viganja vyao kwenye boneti, kama kawaida. Rinai aliweka chake pia. Chuma kilikuwa na jasho la ukungu. Alisema "Amina" pamoja na wengine.

Gari likaondoka.

Alirudi chini ya nyumba. Hakujua anarudi kufanya nini. Mkono wa vali ulikuwa palepale kwenye gazeti. Juu yake, kwenye msumari, lilining'inia kunjo la waya, waya mwingi, wa kufunga magari ya kijiji kizima.

Dakika tano.

Si nusu saa. Dakika tano tu, shibiri mbili za waya, na baba yake angekuwa na breki kama watu wengine. Jambo hilo halikumjia kabisa pale uwanjani, kwa jinsi alivyokwisha kulikataa na kulidharau moyoni. Rinai akakaa chini, akaweka mikono yake kichwani.

Redio ya upepo ikakoroma juu ya kabati. Kila nyumba yenye gari ilikuwa nayo, na hata zisizo na gari, maana njia ya malori ya magogo ni nyembamba na kona zake hazionyeshi ajaye. Dereva hutaja kilomita aliyopo, kwa kuhesabu kutoka pwani, anapanda au anashuka, ana mzigo au ni mtupu, ili wa mbele yake ajibanze. Huko ndiko uhai wa watu uliko. Lakini masikio ni mengi: madereva, wapishi wa kambi, akina mama kwenye vibanda vya mashambani wanaomenya tangawizi huku wakifuatilia nani kakwama wapi.

"Kilomita tisini na moja, napanda, nina mzigo," sauti ya Murang ilisema. "Nina mgonjwa. Naomba njia."

"Njia ni yako, Murang," akajibu mtu. Kisha sauti nyingine, nene, yenye kicheko ndani yake hata ikiwa haicheki. Mjomba Yudan. "Shemeji! Nipo kilomita sabini na moja, juu kabisa, natokea Lawas, mtupu. Nimeegesha napoza injini, nitakungoja upite. Mpwa wangu anaendeleaje?"

"Yupo. Kafit yupo naye."

"Atafika. Na wewe jina umekwisha kulichagua? Maana mjukuu akilia tu, la zamani tunalizika!"

Ndivyo ilivyo kwao: mjukuu wa kwanza akizaliwa, babu hupata jina jipya kwenye karamu mbele ya watu wote. Yudan alikuwa akimtania kwa jambo hilo tangu mimba iwe na miezi mitatu.

"Acha kwanza nifike," Murang alisema.

Rinai alichukua redio. Alikuwa na dakika ngapi? Kutoka kilomita tisini na moja mpaka sabini na moja ni kupanda tu, saa moja hivi kwa mwendo wa mgonjwa. Kwenye kupanda, breki hazina kazi. Baba asingegundua kitu. Lakini baada ya sabini na moja njia inaanguka. Kilomita kumi na tatu za kuteremka, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande mwingine vilele vya miti vikionekana kwa chini. Na gunia kumi, na watu wanne. Breki za mbele peke yake zingebeba kilomita tatu, labda nne. Halafu zingeanza kunuka. Halafu mguu ungezama.

Akabonyeza kitufe.

"Baba."

"Nani huyo? Rinai? Sema."

Rinai aliutazama mkono wa vali kwenye gazeti.

"Baba... mmekula?"

Mawimbi yote yakaangua kicheko. "Hawajamaliza hata kilomita tatu!" akasema mama mmoja shambani. "Mtoto huyu ana huruma mpaka tumbo la baba yake!"

"Wali upo," Murang alisema, si kwa ukali. "Acha njia wazi, mwanangu. Watu wanaitumia."

Rinai akaiweka redio mezani kama kitu cha moto. Akasimama. Akafikiria pikipiki ya jirani. Kwenye matope yale, asingewafikia hata kwa muujiza. Simu njiani haishiki mpaka karibu na pwani. Ilibaki redio tu, na nyumba ilikuwa bondeni. Akaitia redio kifuani, akatoka, akaanza kupanda kilima cha nyuma ya uwanja wa ndege ambako watu huenda kutafuta mawasiliano. Nyasi zilimlowesha mpaka kiunoni. Aliteleza mara mbili. Njiani alikuwa akijizoeza: *Baba, breki za nyuma hazina nguvu. Baba, breki za nyuma hazina nguvu.* Maneno sita tu. Mtoto wa darasa la kwanza angeyasema.

Alipofika juu, milima ya mbele ilikuwa imejifunika, ila mgongo wa kilomita sabini na moja ulionekana, mweusi, umechomoza juu ya wingu.

"Kilomita themanini na mbili, napanda, nina mzigo."

"Baba, breki..." Sauti yake ilitoka ghafla, hata yeye ikamshtua. "Breki unazionaje?"

"Breki? Napanda, mwanangu. Breki nitazionea wapi?"

"Mwalimu anatoa mtihani!" Yudan akaingilia. "Shemeji, jibu vizuri, usije ukanyimwa cheti!"

Wakacheka tena. Hawakuwa watu wabaya. Ndivyo wanavyoisukuma njia ndefu, kwa kicheko, kama wengine wanavyoisukuma kwa sigara. Lakini kicheko kile kilimpata Rinai palepale kilipompata kibarazani, na akajiona amesimama mbele yao wote na mkono wa vali mkononi, na Yudan anasema *si nilikwambia*. Yale maneno sita yakatawanyika kama kuku.

"Naona... nati za tairi la nyuma," alisema. "La kushoto. Sikumbuki kama nilizikaza. Simama uziangalie, baba."

Huo ulikuwa uongo. Alizikaza mara tatu. Alitaka tu gari lisimame, liendelee kusimama, akitumaini kwamba katika kusimama huko jambo lenyewe lingejionyesha bila yeye kulitaja. Alingoja. Alihesabu mpaka mia mbili na arobaini.

"Rinai." Sauti ya Murang ilikuwa imekauka. "Nimeshuka kwenye matope, nimezipima zote, zimekaza. Dada yako yupo hapa anauma shuka. Usinisimamishe tena kwa mambo ya kubahatisha. Umenisikia?"

"Ndiyo, baba."

"Kilomita themanini na moja, napanda, nina mzigo."

Akakaa kwenye nyasi zilizolowa. Sasa hata akisema kweli, ingeonekana ni kubahatisha kwa pili. Amepoteza dakika nne na imani ya baba yake. Alilia kidogo, bila sauti, kama alivyozoea kufanya kila kitu, halafu akajikasirikia kwa kulia.

Kilomita sabini na nane. Sabini na sita ilikuja nusu, imekatika katikati. Baada ya hapo njia inaingia kwenye mkunjo wa mlima, na gari likiwa humo halisikii bonde wala bonde halilisikii. Rinai alibonyeza akaita, "Baba! Baba, unanipata?" Hakuna. Akaita tena. Mkoromo tu. Baba yake angetokea upande wa pili wa mkunjo pale juu kabisa, kilomita sabini na moja, na angepita bila kusimama kwa sababu amekwisha kusimama mara moja bure. Mtu mmoja tu alikuwa amekaa kwenye mgongo ule, akisikia pande zote mbili.

Kati ya watu wote duniani, yeye.

Rinai akafuta pua kwa mkono. Akabonyeza kitufe, akakiachia. Akabonyeza tena.

"Mjomba Yudan."

"Nipo, mwalimu. Mtihani wa pili?"

"Mjomba, mzuie baba asishuke."

Kicheko kilichokuwa njiani kikasita. "Kwa nini?"

"Breki za nyuma hazina nguvu. Niliondoa mkono wa vali, sijaurudisha. Upo hapa nyumbani, kwenye gazeti. Na waya sikufunga." Sauti yake ilitetemeka lakini haikukatika, na alipoona haikukatika akaiendesha mbele kabla haijabadili nia. "Ana magunia kumi, mjomba, na gari linajiona tupu. Nati zilikuwa uongo. Hili si uongo. Tafadhali mzuie. Weka gari lako katikati ya njia."

Hakuna aliyecheka. Mkoromo wa redio ulikuwa mrefu, na ndani yake Rinai alisikia injini ikiwashwa, gia ikiingia kwa nguvu, kisha hendibreki ikivutwa.

"Nimeziba njia," Yudan alisema. Hakuwa na kicheko hata chembe. "Hapiti hapa hata awe na mabawa. Tulia."

Kutulia kwenyewe kulikuwa kazi. Wingu lilipanda likaufunika mgongo, likashuka, likaufunika tena. Rinai alishika redio kwa mikono miwili. Mara moja dereva wa lori la magogo alitaja kilomita hamsini na tisa, anapanda, mtupu, na watu watatu kwa pamoja wakamwambia ajibanze papo hapo, anyamaze. Akanyamaza. Njia nzima, kutoka milimani mpaka pwani, ilikuwa imeshika pumzi kwa ajili ya gari moja la bluu.

Kisha Yudan: "Amefika. Amesimama. Anapiga honi kama ana wazimu. Ngoja nimwendee."

Ngoja ile ilikuwa ndefu kuliko miezi miwili ya kumzungukia baba yake.

Sauti iliyofuata ilikuwa ya Kafit, muuguzi. "Rinai, hawa wanaume wawili wako chini ya gari, wanagombana kuhusu koleo. Dada yako yuko salama. Gari kusimama kumemfaa, damu imepungua. Mapigo ya mtoto nayasikia vizuri. Usilie, nakusikia unalia."

"Silii," Rinai alisema, akilia.

Dakika nyingine. Kisha mjomba, akihema: "Waya upo. Shibiri mbili. Tumelijaribu kwenye kijiteremko cha hapa juu, limekaa chini nyuma na mbele kama nyati aliyechoka. Kabla ya hapo, mpwa wangu, tulilijaribu bila waya, baba yako alitaka kuona mwenyewe." Akashusha sauti. "Ameona."

Redio ikapokewa na mtu mwingine. Rinai alimjua kwa jinsi alivyopumua.

"Mwanangu," Murang alisema.

"Baba."

"Nashuka sasa. Yudan ananitangulia mbele, taratibu, gia nzito. Tutafika." Angeweza kuishia hapo. Watu wote waliokuwa wakisikiliza walitumaini ataishia hapo. "Lakini nilikuuliza. Pale uwanjani, nilikuuliza ukaniitikia. Ulikuwa unajua. Kwa nini?"

Majibu yalikuwepo, tena mazuri. Haraka. Damu ya Supang. Watu wengi, kelele, mto uliokuwa ukianguka. Yangeweza kukubalika, kwa kuwa kila moja lilikuwa na ukweli wake kidogo. Rinai aliyatazama moja moja kama alivyotazama zana zake mezani, akayaacha. Alijua shambani wanasikiliza, kambini wanasikiliza, mjomba Yudan amesimama palepale kando ya baba yake anasikiliza. Akaleta redio karibu na mdomo.

"Niliogopa kuchekwa, baba," alisema, kwa sauti ambayo hakuna aliyehitaji kuinama kuisikia. "Niliogopa kuchekwa kuliko nilivyouogopa mteremko."